Tahariri: Wenye njaa wa Midrand wanahitaji mkahawa, si foleni

KILA ifikapo tarehe 18 Julai, siku aliyozaliwa Mzee Nelson Mandela, magari mazuri hutoka katika maofisi ya Midrand na kuelekea Ivory Park. Wafanyakazi waliovaa fulana zinazofanana huteremsha masufuria, hukata karoti, hukoroga supu na kuwagawia watoto waliopanga foleni na mabakuli mikononi. Picha hupigwa. Zikitimia dakika 67, moja kwa kila mwaka ambao Mzee aliutumikia umma, masufuria hurudishwa garini na kila mtu hurejea kwenye shughuli zake.

Hatuwabezi watu hao. Siku hiyo ilitangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2009 kwa nia njema, na mtoto aliyekunywa supu hiyo amekunywa supu kweli. Tunachouliza sisi ni kuhusu tarehe 19 Julai. Watoto wale wale, siku ya pili yake, wanakula wapi?

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu tunaamini liko jibu ambalo halijapewa uzito unaostahili. Jibu hilo ni mkahawa: mkahawa wa kweli, unaouza chakula kwa wenye nacho ili wasio nacho nao wakae mezani na kula. Wataalamu wanaiita biashara ya kijamii. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya mama lishe tulikuwa tukiiona kabla haijapewa jina.

Kwanza tuwaeleze wasomaji wetu walioko nyumbani Midrand ni mahali gani. Ni mji ulioko katikati ya njia kati ya Johannesburg na Pretoria, kando ya barabara kuu ya N1. Ulikuwa na manispaa yake mpaka mwaka 2000, ulipounganishwa na Jiji la Johannesburg. Hapo yako makao makuu ya makampuni makubwa, kuna stesheni ya treni ya mwendo kasi ya Gautrain, na tangu Aprili 2016 kuna Mall of Africa, mojawapo ya maduka makubwa kabisa kusini mwa Afrika. Anayepita N1 usiku akaziona taa zake hawezi kudhani kwamba hapo pana mtu anayelala na njaa.

Lakini upande wa mashariki wa mji huo huo, ukipakana na Tembisa, kuna Ivory Park. Ni mtaa uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walipoanza kujenga vibanda vya mabati karibu na kazi. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu hapo zaidi ya watu 180,000. Wengi wao ndio wanaosafisha yale maofisi, wanaolinda yale mageti na wanaopanga bidhaa kwenye yale maduka. Wengine wengi hawana kazi kabisa. Wapo Wazulu, Wapedi na Watsonga, na wapo pia watu wa Msumbiji, Zimbabwe, Malawi na kwingineko.

Kuna jambo jingine linaloifanya Midrand isiwe mji wa kawaida kwetu sisi Waafrika. Bunge la Afrika lina makao yake hapo tangu mwaka 2004, na spika wake wa kwanza, aliyeliongoza mpaka mwaka 2009, alikuwa Mama Gertrude Mongella wa Tanzania. Hapo hapo Midrand ndipo zilipo ofisi za NEPAD, chombo cha Umoja wa Afrika cha maendeleo, ambacho mojawapo ya kazi zake ni kusimamia mpango wa kilimo wa bara zima. Juni 2014, viongozi wetu walikutana Malabo, Guinea ya Ikweta, wakaahidi kwamba ifikapo mwaka 2025 njaa itakuwa imekwisha barani Afrika.

Mwaka 2025 umepita. Njaa haikwisha barani, wala haikwisha katika mtaa ulio mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka kwenye ofisi zinazofuatilia ahadi hiyo. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa wanaishi mji mmoja, na bado hawajuani.

Mtu anaweza kudhani kwamba Afrika Kusini ina upungufu wa chakula. La hasha! Utafiti wa taasisi ya sayansi ya nchi hiyo, CSIR, unaonyesha kwamba takriban tani milioni 10 za chakula hupotea au kutupwa kila mwaka, kiasi cha theluthi moja ya kile kinachozalishwa. Vyakula hivyo vinaozea mashambani, masokoni, na nyuma ya maduka ambayo watu wa Ivory Park wanayafagia.

Kinachopungua si mahindi. Ni pesa za kuyanunulia. Mwaka 2024 Idara ya Takwimu ya Afrika Kusini ilikadiria kwamba mtu mmoja alihitaji randi 796 kwa mwezi ili apate chakula cha kumtosha tu, bila kuhesabu nauli, kodi ya nyumba wala sabuni. Mwaka huo huo ruzuku ya serikali kwa mtu mzima asiye na kazi ilipandishwa kutoka randi 350 hadi 370. Ruzuku ya mtoto ilikuwa randi 530. Yaani mama aliyeipokea ruzuku ya mwanawe na akaitumia yote kwa chakula cha mtoto huyo peke yake, asinunue hata kiberiti, bado alipungukiwa na randi 266 kila mwezi.

Ndiyo maana uchunguzi wa afya wa mwaka 2016 uligundua kwamba asilimia 27 ya watoto wa nchi hiyo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao wanakula, ila wanakula uji na pap, yaani ugali wao, asubuhi, mchana na usiku. Tumbo linajaa lakini mwili haujengeki. Mwanauchumi Amartya Sen alieleza tangu mwaka 1981 kwamba watu wanaweza kufa njaa ilhali maghala yamejaa, kwa sababu hawana njia ya kukipata kilichomo. Midrand ni ushahidi wa maneno hayo.

Ikiwa tatizo ni pesa na njia, basi supu ya siku moja haiwezi kuwa dawa. Inahitajika kitu kinachofunguliwa kila siku asubuhi.

Hapa tuseme jambo linalotuhusu wenyewe. Sisi tunaoandika gazeti hili tuliondoka makwetu bila kupanga, na tulipofika ugenini tuliwahi kupanga foleni ya chakula. Tunakumbuka ukumbi mmoja ambao kabla ya kupewa sahani ilibidi ueleze habari zako mbele ya watu, kisha usimame upigwe picha ili wafadhili waone. Chakula kilikuwa kizuri. Lakini wapo wenzetu waliochagua kulala na njaa kuliko kurudi pale, na hatukuwalaumu.

Tunakumbuka pia mgahawa mdogo wa mama mmoja wa Kikongo, mjini Johannesburg. Alikuwa akiuza wali, maharage, sombe na samaki. Alikuwa akijua ni nani kati yetu hana kitu, wala hakuuliza. Alileta sahani kama alivyowaletea wenye pesa, na ukitaka kujieleza alikukatiza: "Kula kwanza, baba. Utalipa ukipata." Aliandika kwenye daftari lake. Siku mtu akipata kibarua alikwenda kulipa, na asiyepata alikwenda jioni kuosha vyombo na kubeba maji. Hatukuwahi kumwona akiweka picha yetu ukutani.

Ukumbi ule na mgahawa ule vyote vilitulisha. Tofauti ni kwamba katika mmoja tulikuwa waombaji na katika mwingine tulikuwa wateja. Na mama yule hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni wateja wa kutosha wanaolipa, chakula kitamu kilichowafanya warudi, na daftari. Ukiviunganisha vitatu hivyo kwa mpango mzuri zaidi, umepata ule mkahawa tunaouzungumzia.

Duniani watu wameshajaribu, na ni vyema tukajifunza kwa waliofaulu na walioanguka. Mwaka 2011, mwanamuziki Jon Bon Jovi na mkewe walifungua mkahawa katika mji wa Red Bank, jimbo la New Jersey, Marekani. Orodha ya vyakula vyake haina bei. Mwenye pesa hutoa kiasi kilichopendekezwa na zaidi akipenda, ili amlipie na mwingine. Asiye na pesa hufanya kazi: huosha vyombo, huandaa meza, hupalilia bustani. Waswahili tungesema ni mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mfano wa pili ni wa kuanguka. Kampuni kubwa ya Marekani iitwayo Panera ilifungua mwaka 2010 mkahawa wa "lipa unachoweza", kisha ikafungua na mingine. Kampuni ilikuwa na pesa, majiko na jina. Hata hivyo mikahawa hiyo ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho, wa Boston, ulifungwa Februari 2019. Kampuni ilikiri kwamba isingeweza kujiendesha kwa mtindo ule. Kilichotolewa kilizidi kilichoingia.

Kwa hiyo moyo mwema hautoshi, na hesabu lazima zifanywe. Tuchukue mfano wa karatasini, ambao si hesabu za mkahawa wowote. Tuseme mkahawa wa Midrand unauza sahani 200 kwa siku kwa wafanyakazi wa maofisini, kila sahani randi 80. Zinaingia randi 16,000. Toa randi 5,600 za vyakula, randi 4,800 za mishahara na randi 3,200 za pango, umeme na gesi. Zinabaki randi 2,400. Kama sahani ya kawaida ya maharage, pap na mboga inagharimu randi 15 kuipika, faida hiyo inalisha watu 160 kila siku.

Sasa tuseme chakula hakina ladha, au huduma ni ya kusuasua, na wateja wanashuka hadi 100. Zinaingia randi 8,000. Vyakula vinashuka nusu hadi randi 2,800, lakini pango na mishahara havishuki. Mkahawa unapata hasara ya randi 2,800 kwa siku, na haumlishi hata mtu mmoja. Yaani kati ya kulisha watu 160 na kufunga milango, kuna wateja 100 tu waliokwenda kula kwingine.

Hili ndilo tunalotaka lieleweke na kila mwenye nia njema: mkahawa unaotaka kulisha wenye njaa lazima kwanza uwe mkahawa. Mteja wa ofisini hataki kula sadaka. Anataka nyama iliyoiva, meza safi na chenji iliyo sawa. Atakwenda mara moja kwa huruma, lakini mara ya pili atakwenda kwa sababu ya mchuzi. Kwa hiyo mpishi mzuri na mhasibu mwaminifu ni watu wa kuajiriwa kwanza, kabla ya mpiga picha.

Malighafi si tatizo gumu hapa. Tangu mwaka 2009 kuna taasisi ya FoodForward SA inayokusanya chakula cha ziada kutoka kwa wazalishaji na maduka makubwa na kukipeleka kwa wanaolisha watu. Na mwaka 2020, corona ilipoifunga mikahawa yote, wapishi wa Johannesburg hawakukaa bure. Walianzisha harakati ya Chefs with Compassion, wakawa wanaokoa mboga na matunda ambayo yangetupwa, wanayapika na kuyasambaza kwenye mitaa yenye njaa. Siku ya Mandela mwaka huo waliwaita wapishi wa nchi nzima wapike supu lita 67,000.

Ulikuwa wakati mgumu. Utafiti uliofanywa nchini humo ulionyesha kwamba Aprili 2020 asilimia 47 ya waliohojiwa walisema kaya zao ziliishiwa na pesa za kununulia chakula. Wapishi hao walitufundisha kwamba jiko la mkahawa, lenye majiko makubwa, majokofu na watu waliofunzwa, ni silaha dhidi ya njaa ambayo kwa kawaida inalala bila kutumika saa nyingi za siku. Mikahawa mingi ya Midrand hujaa saa sita mpaka saa nane mchana. Baada ya hapo moto upo, wapishi wapo, viti ni vitupu.

Wapo watakaosema: mambo haya ni ya Wamarekani na Wazungu wa Johannesburg, kwetu hayawezekani. Basi watazame Kenya. Wawira Njiru alikuwa mwanafunzi wa lishe nchini Australia. Akiwa huko ugenini aliandaa chakula cha jioni cha Kikenya, akawauzia watu, na pesa alizopata akazituma nyumbani kujenga jiko huko Ruiru, karibu na Nairobi. Mwaka 2012 alianza na watoto 25. Leo shirika lake, Food4Education, linalisha mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule, na mwaka 2023 liliungana na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County, ambao una majiko makubwa yanayopikia maelfu.

Wasomaji wetu waangalie mambo mawili hapo. La kwanza, mtoto hapewi bure. Mzazi analipa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, na kiasi kinachobaki kinalipwa na kaunti pamoja na shirika. Mtoto ana bangili mkononi yenye chombo kidogo cha elektroniki, anaigusisha kwenye mashine na anapewa chakula chake. Hakuna anayejua ni nani amelipiwa na ni nani amelipa. Daftari la yule mama wa Kikongo limekuwa bangili. La pili, kazi yote hiyo ilianza kwa karamu moja iliyopikwa na binti aliyekuwa mbali na kwao. Kwa hiyo asiwepo mwenzetu wa ughaibuni atakayesema hana la kufanya.

Sasa tujibu pingamizi mbili ambazo tunaziona ni za haki.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba mikahawa ya namna hii inaipumzisha serikali. Ikiwa wapishi watalisha, serikali itafanya nini? Ni hoja nzito. Katiba ya Afrika Kusini, Ibara ya 27, inampa kila mtu haki ya kupata chakula cha kutosha, na Ibara ya 28 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Hayo si maombi, ni sheria. Na imeshathibitishwa mahakamani. Julai 2020, shule zilipokuwa zimefungwa na watoto zaidi ya milioni 9 wamekatiwa chakula cha mchana, wanaharakati wa Equal Education walikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria, na tarehe 17 ya mwezi huo serikali ikaamriwa iwalishe watoto wote wanaostahili, wawe wamerudi darasani au bado.

Sisi tunasema mkahawa hauchukui nafasi ya ruzuku wala ya chakula cha shuleni. Mkahawa wenye faida ya kulisha watu 160 hauwezi kuulisha mtaa wa watu zaidi ya 180,000, na anayedai unaweza anadanganya. Kazi yake ni nyingine. Ni kumfikia yule anayeanguka katikati: kijana aliyemaliza shule na hana kazi, bibi aliyetumiwa wajukuu watano na ruzuku ya wawili, mhamiaji ambaye karatasi zake zimekwama. Na ni kuwaajiri na kuwafunza baadhi yao upishi, ili mwakani wawe upande wa pili wa meza. Serikali inabaki na deni lake lote, na tutaendelea kulidai.

Pingamizi la pili ni la uchungu zaidi, na linatugusa sisi wageni. Chakula nchini Afrika Kusini kimekuwa chanzo cha uhasama. Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra ziliua watu 62, na maduka mengi yaliyoporwa yalikuwa ya chakula. Mwaka 2024 watoto walikufa baada ya kula vyakula vilivyoingiwa na sumu. Novemba mwaka huo Rais Cyril Ramaphosa alitaja angalau vifo 22, akaamuru maduka madogo ya mitaani, yanayoitwa spaza, yasajiliwe upya. Sumu iliyowaua watoto sita wa Soweto ilikuwa terbufos, dawa ya mashambani ambayo watu huinunua mitaani kuulia panya, na panya hao wameletwa na takataka zisizozolewa. Rais mwenyewe alisema hakuna ushahidi wa njama ya kuwaua watoto. Pamoja na hayo, wapo waliotumia misiba hiyo kuwasukuma wageni watoke.

Tunaelewa hasira ya mzazi aliyefiwa, na duka linalouza chakula kibovu lifungwe, liwe la mgeni au la mwenyeji. Lakini tunawaambia pia wenzetu wageni wenye maduka na migahawa: haitoshi kusema hatuna kosa. Tumepewa hifadhi katika mitaa yenye njaa, na wengi wetu tunaishi kwa kuuza chakula. Majirani zetu wanatuona tukichukua pesa. Ni lini wanatuona tukiketi nao mezani? Mkahawa ambamo mpishi ni Mkongo, mhasibu ni Mzulu, mhudumu ni binti wa Ivory Park aliyefunzwa hapo hapo, na mlaji ni yeyote mwenye njaa, utajibu chuki kuliko matamko yetu yote, pamoja na haya tunayoyaandika.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo.

Kwa wenye mikahawa ya Midrand, wenyeji kwa wageni: anzeni na saa zile ambazo viti ni vitupu. Tengeni sahani moja rahisi yenye lishe, ya bei ambayo mtu wa Ivory Park anaimudu, na kuponi ambayo mteja wa mchana anaweza kuinunua na kumwachia mwingine. Kuponi hiyo iwe sawa na risiti ya kawaida, ili anayeitumia asijulikane. Hesabu zibandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, wamekula wangapi. Biashara inayosema inawalisha maskini na haionyeshi daftari inastahili kutiliwa shaka.

Kwa makampuni: zile gharama za fulana na mabango ya tarehe 18 Julai, zigeuzeni ziwe mkataba wa mwaka mzima wa kununua chakula cha wafanyakazi wenu kwenye mkahawa wa namna hii. Kwenye hesabu yetu ya hapo juu tumeona wateja 100 wa uhakika wanaamua kila kitu. Kampuni moja ya kiasi inaweza kuwatoa hao, na isitoe sadaka hata senti.

Kwa Jiji la Johannesburg: zoeni takataka, kagueni majiko, na punguzeni mzunguko wa vibali kwa anayetaka kufungua jiko la kulisha watu. Mkaguzi wa afya anayefika kila mwezi ataokoa watoto wengi kuliko msako unaofanywa baada ya msiba.

Kwa waheshimiwa wa Bunge la Afrika: tunafahamu kwamba bunge lenu ni la ushauri na halitungi sheria. Lakini mna miguu. Mkutanapo Midrand, nendeni Ivory Park bila msafara, nunueni kota, ule mkate uliojazwa chipsi ambao ndio chakula cha mchana cha kijana wa huko, na mumuulize muuzaji ni wangapi wamepita tangu asubuhi wakatazama bei na kuendelea na safari.

Na kwa ndugu zetu wa ughaibuni, mlioko Johannesburg, London, Toronto au Muscat: kila mwezi tunatuma pesa za chakula nyumbani, na zinaliwa zinakwisha, na mwezi unaofuata tunatuma tena. Hatusemi muache, kwani mama hawezi kusubiri nadharia. Tunasema watu kumi wakichanga pamoja sehemu ndogo ya pesa hizo, wanaweza kumwongezea mtaji mama lishe mmoja wa kwao ambaye tayari anawakopesha wenye njaa sahani bila kutangaza. Mnunulieni jiko la pili, friji, daftari zuri. Mtu huyo yupo Buguruni, yupo Kibera, yupo Goma. Nyote mnamjua, na pengine wengine wenu bado mna deni lake.

Sisi tunalo. Yule mama wa Johannesburg tulimlipa sahani zote alizoziandika. Zile ambazo hakuziandika, tunazilipa kwa kuyasema haya.